Wapima Njaa Walivyokula Mbuzi Wangu

Mbuzi wangu alichinjwa Jumanne moja ili watu waliokuja kutuuliza kama tuna njaa wasirudi kwao na njaa.

Kama hukuelewa, soma tena. Mimi niliyekuwepo nilichukua wiki nzima kuelewa, na kila nikisimulia jambo hili hasira inanipanda mpaka masikioni, halafu katikati ya hasira nacheka. Nimejaribu kusimulia bila kucheka, nimeshindwa. Basi nitasimulia hivyo hivyo.

Tulikuwa tunakaa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Tarbaj: nyumba ishirini hivi za matawi na mikeka, kisima kimoja, duka moja, na duksi moja ambamo watoto walisoma Kurani. Mvua ilikuwa imetupita misimu mitatu. Ngamia wa mume wangu walikwisha, akaenda upande wa Kutulo kuchunga ngamia wa watu. Mimi nilibaki na binti yetu wa mwaka mmoja na miezi miwili, pamoja na mama mkwe, ambaye nilimwita eedo, yaani shangazi, kwa sababu kwetu mama wa mume humtaji jina hata nyumba ikiungua. Nilikuwa na kitu kimoja ambacho wengine pale hawakuwa nacho, nacho ni cheti cha kidato cha nne kutoka Garissa. Cheti hakiliwi. Lakini kilinipa kazi ya kutafsiri kila gari la serikali au la msaada lilipofika, na malipo yake yalikuwa kuitwa "msichana wa maneno."

Chakula cha msaada kilikuja kwa lori kila mwezi, au kila mwezi lori lilipokumbuka. Yalikuwa mahindi ya njano. Sitaki kukufuru, riziki ni riziki, lakini mahindi yale yalikuwa changarawe. Kuyachemsha mpaka yalainike kulitaka kuni za siku mbili na maji ambayo ungeweza kuogea harusini. Kuyasaga kulitaka kuyapeleka Tarbaj kwa punda, umlipe mwenye punda, umlipe mwenye mashine, na wote wawili walipenda kulipwa kwa mahindi hayo hayo, hivyo ukirudi nyumbani umebeba nusu ya ulichoondoka nacho na miguu inauma yote miwili. Binti yangu alikuwa na meno sita. Aliyameza mahindi mazima, yakatoka mazima, na akanitazama kama anayeuliza nani katuchezea.

Maziwa yangu mwenyewe yalikuwa yamekauka. Ndipo nikafanya jambo ambalo najivunia kuliko cheti. Niliyaloweka mahindi kwenye kibuyu kilichopasuka mdomo, nikampa mbuzi wangu kiganja kimoja asubuhi na kimoja jioni. Ukizidisha hapo anavimba tumbo na kufa, nilimwona wa jirani. Nami sikuzidisha. Baada ya siku kumi akawa ananipa kikombe cha maziwa asubuhi na kikombe jioni. Mahindi yaliingia kwa mbuzi yakatoka maziwa, maziwa yakaingia kwa mtoto yakatoka mashavu.

Tatizo ni kwamba lilikuwa kosa. Karani wa lori, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, alisoma sheria kila mara kabla ya kugawa: "Hiki ni chakula cha binadamu. Atakayekiuza au kulisha mifugo, kadi yake inachukuliwa!" Nami ndiye niliyetafsiri. Nilitafsiri kwa sauti kubwa, kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikagonga gorogoro, lile kopo letu la kupimia nafaka, na mbuzi wangu akaja mbio.

Sasa ikaja habari kwamba wapima njaa wanakuja. Ndivyo tulivyowaita. Walikuwa watu waliotumwa kutazama kila kijiji, waandike kama njaa yenu ni kubwa, ya katikati au ndogo, na lori lijazwe kulingana na karatasi yao.

Mkuu wa kijiji chetu alikuwa mdogo wake baba mkwe, naye sote tulimwita adeer, yaani ami. Alipita nyumba kwa nyumba akikusanya: hapa mchele, pale samli, kule sukari. Akafika kwetu.

"Wageni kesho," akasema. "Tunatafuta cha kuchinja."

"Adeer," nikamwambia, "hawa wanakuja kuona njaa. Si tuwaonyeshe njaa?"

Alinitazama kana kwamba nimevua shungi mbele ya soko. "Njaa ni aibu ya mwenyeji. Wewe unataka kuitandika chini kama bidhaa, mgeni aichague?"

"Wao ndio wanaokuja kuichagua!"

"Mwambie huyu," akamgeukia eedo, "shule imemfundisha kuongea, haijamfundisha kunyamaza."

Kulikuwa na ajabu moja siku ile. Mbuzi wa kila mtu walikuwa wametoweka. Wa huyu amepotea msituni, wa yule ni mgonjwa, wa mwingine amekopeshwa dada aliyejifungua huko mbali. Kijiji kizima hakuna mbuzi! Nami wangu nilikuwa nimemficha pia, nimemfunga kwenye kichaka nyuma ya kisima, sikuwa mjinga. Lakini kamba ilikuwa kuukuu. Adeer alikuwa ameshika gorogoro la mchele wake, akalitikisa kidogo aone umefikia wapi.

Mbuzi wangu akaja mwenyewe. Alikuja mbio, kipande cha kamba kikining'inia shingoni, akasimama mbele ya adeer akinyoosha shingo kama bi harusi anayesubiri kuvishwa mkufu.

"Mashallah," akasema adeer. "Huyu amenona."

Nikamtazama eedo. Mbuzi alikuwa wangu, lakini nyumba ilikuwa yake, na neno lilikuwa lake. Eedo akasema, "Mchukue. Mtoto ana Mola wake. Mgeni akilala njaa kwetu, habari itafika Mandera kabla ya jua kuzama."

Sikulia. Nilipiga sufuria teke, nikaumia kidole, ndipo nikalia, na nikasema ni kwa sababu ya kidole.

Wageni walikuwa wawili. Mmoja dereva, kijana wa Garissa anayesema lugha yetu. Mwingine mama mnene, mchangamfu, mwenye daftari, aliyetoka Kenya. Siku hizo tulisema mtu "ametoka Kenya" tukimaanisha huko chini, ng'ambo ya mto Tana, kama vile sisi tulikuwa nchi nyingine. Na ukiangalia barabara zetu ungedhani ni kweli.

Waliketishwa kwenye mkeka ndani ya duksi. Sinia likaingia: wali wenye zabibu, zabibu zilizokuwa za mwisho dukani, samli juu yake, na mbuzi wangu juu ya samli. Mimi nikawekwa pembeni nitafsiri. Mama yule alikula vizuri, nitasema ukweli. Alikula kama mtu aliyelelewa vizuri, akasifu kila tonge. Dereva alivunja ubavu mmoja, akautafuna, kisha akaniambia kwa lugha yetu bila kuinua macho, "Abaayo, dada yangu, huyu alikuwa anakamuliwa. Naonja kwenye nyama."

"Tafuna na unyamaze," nikamjibu.

Mama akafungua daftari. "Sasa wazee wangu, niambieni. Hali ya chakula ikoje hapa?"

Adeer hakunisubiri. Yeye na Kiswahili chake cha miaka ya kuuza ng'ombe alijibu mwenyewe, mkono kifuani: "Alhamdulillah, mama. Hakuna shida. Chakula iko, maji iko, amani iko. Wewe kula."

Angesema nini? Kwetu ukiulizwa hali unajibu amani kwanza, hata kama umetoka kuzika. Shida inafuata baadaye, polepole, baada ya chai ya tatu, na inasemwa na mtu mwingine kwa niaba yako. Na kusema "sina chakula" huku mgeni ana tonge mdomoni ni kumwambia ateme. Kila mtu kuanzia Wajir mpaka Mandera analijua hilo. Mama wa daftari hakulijua. Akaandika. Nilimwona akiandika.

"Ni kweli?" akanigeukia.

Macho ya wazee wote yalikuwa juu yangu. Pua yangu ilikuwa na harufu ya mbuzi wangu. Ningeweza kusema. Nilikuwa na Kiswahili, nilikuwa na hasira, nilikuwa na kila kitu isipokuwa ujasiri.

"Ndivyo alivyosema," nikajibu.

Lori lililofuata lilikuja na nusu. Karani wa kalamu tatu alitusomea kwamba ripoti inasema hali yetu ni ya kuridhisha. Wanaume wakatazama viatu vyao. Adeer akasema "Alhamdulillah," safari hii kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

Miezi miwili iliyofuata sitaieleza sana. Jirani mmoja alikuwa na ngamia aliyebakiza maziwa kidogo, akatupa kikombe kila alipoweza, Mungu amlipe. Siku alizoshindwa, binti yangu alinyonya vidole vyangu. Mashavu yalikwenda. Nywele zake zikaanza kuwa nyekundu kama ndevu zenye hina. Alikuwa mtoto wa kupiga kelele tangu azaliwe, amenirithi, na sasa akawa mtoto mpole anayekaa ulipomweka. Upole ule ndio ulionitisha.

Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mbuzi mwenye maziwa. Nikabeba mahindi yangu kwa mfanyabiashara mmoja Tarbaj. Akachota, akayatazama, akayarudisha. "Kila mtu ananiletea haya, dada. Nitakupa sukari kidogo." Kwa bei aliyotaja, ningehitaji lori zima nipate mguu wa mbuzi. Ndivyo ilivyokuwa: wote tulipewa kitu kile kile siku ile ile, basi hakuna aliyekitaka, na alicho nacho mwenye mbuzi hukinunui kwa kitu alichopewa bure jana.

Ndipo mama wa daftari akarudi, safari hii juu ya lori la mgao, pamoja na yule dereva wake wa Garissa. Alikuwa anakagua kama mahindi yanafika. Tulikuwa kwenye foleni, akina mama wote na kadi zetu, watoto mgongoni. Adeer na wazee walisimama karibu kulinda heshima. Zamu yangu ikafika. Karani akainua gunia.

"Weka chini," nikasema. "Mimi sitaki mahindi. Nataka mbuzi wangu."

Karani akatazama orodha yake, labda akitafuta mbuzi. Mama akasogea. "Mbuzi gani, mama?"

"Uliyemla."

Nyuma yangu nilisikia eedo akisema "Subhanallah!" na foleni nzima ikavuta pumzi. Adeer akaja juu. "Msichana! Unamdai mgeni nyama iliyoko tumboni? Tangu dunia iumbwe, nani amefanya hivyo?"

"Mimi, adeer. Leo."

Mama hakuelewa lugha yetu lakini alielewa uso wake. "Ngojeni. Yule mbuzi wa siku ile... alikuwa wako?"

"Alikuwa na maziwa. Maziwa yalikuwa ya huyu." Nikamshusha binti yangu mgongoni, nikamsimamisha kwenye vumbi mbele yake. Akakaa chini, mpole. Mama akachuchumaa, akamshika mkono, mkono mdogo ukapotea ndani ya kiganja chake.

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa. "Lakini alikuwa amenona sana. Katika ukame huu, ulimlisha nini?"

Wazee wa pwani husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatuna majembe. Nikampa ukweli.

"Mahindi yenu."

"Kosa!" Karani alichomoa kalamu moja. "Amekiri mwenyewe! Kadi yake! Sheria inasema..." Na kwa hasira akaachia gunia, likapasuka pembeni, mahindi yakamwagika juu ya gorogoro lililokuwa limelala chini. Mlio ule. Kra-kra-kra-kra.

Na mbuzi wakaja.

Wallahi wakaja. Kutoka vichakani, kutoka nyuma ya kisima, kutoka ndani ya nyumba za watu. Yule aliyepotea msituni akaja. Yule mgonjwa akaja akiruka. Yule aliyekopeshwa dada huko mbali sana alitoka nyuma ya duksi, hatua kumi na tano. Wote wamefundishwa mlio wa gorogoro! Kila mwanamke aliyekuwa kwenye foleni ile, aliyenisikiliza nikitafsiri sheria huku akitikisa kichwa kwa uchaji, alikuwa akigonga gorogoro nyuma ya nyumba yake kama mimi.

"Huyo si wangu," akasema jirani, na mbuzi akamnusa shungi na kuanza kulitafuna.

"Si wangu pia," akasema mwingine, huku akimwita kwa ulimi bila kujijua.

Wa mwisho kufika alivaa kengele ya mbao ambayo kila mtu alijua sauti yake. Alipita katikati ya wazee, akapanda juu ya magunia, akaanza kula akiwa juu kama diwani. Sote tukamgeukia adeer. Adeer akatazama mbinguni.

"Mke wangu," akasema, "ni mtu wa siri sana."

Hapo mama wa daftari alikaa juu ya gunia, akafunika uso kwa daftari, mabega yakamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka dereva naye akacheka, mpaka eedo, ambaye hacheki mbele ya wageni, akaingiza kichwa ndani ya shungi na kutoa mlio kama chui mdogo. Karani peke yake alisimama na kalamu, akisema "kadi zote, kadi zote," na mama akamwambia, "Wewe kaa chini, kijana, kabla hujakanyagwa na mifugo."

Alipoweza kusema, aliniuliza, "Kwa nini hamkuniambia siku ile?"

"Ulituuliza tukiwa tunakulisha."

Akalifunga daftari. "Basi niambie sasa. Sina kitu mdomoni."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya kuni, ya maji, ya punda, ya mashine, ya sukari. Nikamwambia lori hili limetoka bandarini limekunywa mafuta njia nzima, na kwamba pesa za mafuta hayo zingenunulia kila mama hapa mbuzi na zikabaki za chai.

"Tukiwapa pesa mtanunua miraa," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeambiwa hivyo ofisini.

"Nani atatafuna? Mimi au huyu mwenye meno sita?"

"Mume wako."

"Mume wangu yuko Kutulo nyuma ya mikia ya ngamia wa watu. Akirudi na mkono mtupu atakuta mbuzi, atanyamaza. Mwanamume hatafuni mbuzi anayekamuliwa." Nikakumbuka. "Isipokuwa mgeni akija."

Eedo akauliza tunasema nini. Nikamtafsiria. Nilitegemea aniunge mkono, lakini eedo ana kichwa chake. "Mwambie mimi nataka gunia," akasema. "Gunia likiingia nyumbani ni la mwanamke. Mwanamume ataona aibu kulibeba kwenda nalo sokoni. Noti inakunjwa, inaingia mfukoni, inakwenda na mguu wa mwanamume. Tena dukani kukiwa kutupu, utatafuna noti?"

"Eedo, dukani si kutupu! Kumejaa mahindi tuliyouza!"

"Leo. Mvua ikikata barabara je?"

Na hapo alisema kweli, nami sikumpenda kwa kusema kweli mbele ya mtu wa daftari. Tukabishana, mkwe na mke wa mwana, juu ya magunia, mama wa Kenya akisubiri tafsiri na dereva akimnong'oneza nusu yake. Mwishowe eedo akakubali hivi: mwaka wa njia kufungwa, gunia, mwaka wa njia kufunguka, pesa, na ipewe mwanamke mkononi, mchana, watu wakiona. Sijasikia mtu yeyote mwenye digrii akilisema vizuri zaidi.

Mama akashusha pumzi. "Mimi nina ruhusa ya kugawa mahindi, maharagwe na mafuta. Pesa sina ruhusa."

"Na huo mkoba?"

"Mkoba ni wangu."

"Na tumbo lililomla mbuzi ni la nani? La ofisi?"

Akacheka tena, akafungua mkoba, akatoa noti. Hapo adeer akaingia kati kama ukuta. "Haiwezekani! Mgeni halipii chakula hapa. Bora tufe!"

"Tunakufa tayari, adeer!"

"Basi tufe na heshima!"

Tukakwama. Mama ameshika noti hewani, adeer amesimama mbele yangu, binti yangu kwenye vumbi anatazama mbuzi. Nilijua nikizichukua kwa nguvu nimekwisha kijijini. Nilijua pia nisipozichukua upole wa yule mtoto utaendelea, na nilikuwa nimekwishaona watoto wawili waliokuwa wapole hivyo.

Adeer naye alimtazama mtoto. Ni damu yake. Akakuna ndevu. Akakuna tena. Kisha akaniambia taratibu, kama hakimu, "Tafsiri hivi. Kwetu mtoto akizaliwa, jamaa zake humpa mnyama akiwa bado kitovu hakijakauka. Mnyama huyo ni wa mtoto, si wa baba, si wa mama. Sasa huyu mama amekula nyumbani kwetu. Aliyekula nyumbani si mgeni tena, ni jamaa. Na jamaa huyu," akainua kidole, "hajatoa zawadi ya kitovu."

"Adeer, kitovu kimekauka mwaka mzima."

"Amechelewa. Atoke Kenya mpaka hapa, si ni mbali?"

Nilipotafsiri, mama aliweka mkono kifuani kama alivyomwona adeer akifanya siku ile, akasema, "Nisameheni kuchelewa," akainama, akaziweka noti kwenye mkono wa binti yangu. Binti yangu akazitia mdomoni. Eedo akazitoa haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya lolote.

Na kufumba na kufumbua, kila mama kwenye foleni alikuwa ameleta mtoto mbele. "Huyu pia hajapata zawadi ya kitovu!" "Na huyu!" Mmoja alimsukuma mbele mwanawe aliyekwishang'oka meno ya mbele, wa darasa la pili. Mama alitoa alichobaki nacho, kidogo kidogo, mpaka mkoba ukawa mtupu na dereva akaapa kwamba chakula cha njiani kitakuwa juu yake.

Baadaye lori lilirudi kuja limejaa, na karani hakusoma tena ile sehemu ya mifugo. Lakini pesa kama msaada hatukuziona tena, hata senti. Nimewahi kuwaandikia barua wale wa ofisini, kwa Kiswahili safi, na wala hawakujibu, na nikiwaza hilo natafuta sufuria ya kupiga teke.

Kesho yake alfajiri, baada ya siku ile ya zawadi ya kitovu, mimi na eedo tulikwenda soko la mifugo la Tarbaj, binti yangu mgongoni. Soko hilo bei haitajwi. Madalali hushikana vidole chini ya shuka, kidole hiki maana yake hivi, kukunja maana yake vile, na mwingine yeyote asijue. Eedo alimwona mbuzi mweupe mwenye kichwa cheusi na mtoto wake jike ubavuni, akashika kiwele, akakibonyeza, akanong'ona, "Huyu." Mwenye mbuzi, mzee wa ndevu za hina, akamwita dalali na shuka lake.

"Shuka la nini?" akasema eedo kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ngamia. "Mimi nimezeeka, vidole vyangu vinauma. Nasema kwa mdomo. Unataka ngapi?"

Watu wakageuka. Mzee akaona haya kutaja bei ya dhuluma mbele ya soko zima kwa bibi kizee, akataja bei ya kibinadamu. Eedo akataja nusu yake. Mzee akaomba Mungu awe shahidi. Eedo akamwambia Mungu amekwishashuhudia mbuzi walionona kuliko huyu. Walikutana mahali fulani katikati, nami nikafungua mdomo nikubali, eedo akanikanyaga.

"Kwanza mteja aonje."

"Mteja ni nani?"

Akamwonyesha binti yangu. Mzee akakamua kikombe palepale, akilalamika, mtoto wa mbuzi akilia pembeni kwa wivu. Binti yangu akashika kikombe kwa mikono yote miwili. Akanywa. Hakupumua. Alipomaliza, akakipiga kikombe kwa kiganja, uso mweupe mpaka puani, akapaza sauti, ile sauti yake ya zamani, sauti yangu, akasema neno moja kati ya matatu aliyokuwa nayo: "Leta!"

"Huyu ananunua au anakunywa tu?" akauliza mzee.

"Bado anafikiri," akasema eedo. "Kamua."

Akakamua. Eedo akafungua fundo la shungi, akampa zile noti, na moja ilikuwa bado ina alama za meno. Mimi sikuangalia wakihesabiana. Nilichuchumaa nikamtazama binti yangu akimaliza kikombe cha pili, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile hakukuwa na mtu hata mmoja duniani niliyekuwa nimemkasirikia. Hali hiyo ilidumu mpaka tulipotoka sokoni, mbuzi akalala katikati ya njia na kukataa kutembea.